Mikono ya mwakilishi wetu imefungwa na nani?

Swali: Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni mvuvi katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu. Wakati wa kampeni, mwakilishi wetu wa wadi alituahidi mambo matatu: kwamba tutapata hati za mashamba yetu yaliyo bara, kwamba askari hawatatuzuia tena kuvua usiku, na kwamba zahanati yetu itapata daktari. Tukampa kura, akashinda. Sasa kila tukimkabili hutwambia mikono yake imefungwa. Mtu aliyechaguliwa na wengi hufungwaje mikono? Na kama demokrasia ndiyo hii, si afadhali tukapata kiongozi mmoja mwenye nguvu, asiyefungwa na mtu? Wazee walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Nitaanza na zile ahadi tatu, kwa sababu jibu la swali lako kubwa limo ndani yake, na kwa sababu wengi wetu huikimbilia lawama kabla ya kuuliza ni kazi gani hasa tuliyompa mtu.

Hati za mashamba hazitolewi na mwakilishi wa wadi, wala hazitolewi na gavana. Usajili wa ardhi na utoaji wa hati miliki ni kazi ya wizara ya serikali ya kitaifa, na ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kaunti ina nafasi yake, kwani Kifungu cha 63 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaifanya kuwa mdhamini wa ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna jamii inavyoweza kujiandikisha ikapata hati kwa jina lake yenyewe. Mwakilishi mwenye bidii angeweza kuwakusanya, kuwaeleza njia hiyo na kufuatilia faili yenu ofisi kwa ofisi. Kuwapa hati, hapana. Uvuvi wa usiku uko mbali naye zaidi: ile marufuku iliyowaweka wavuvi wa Lamu pwani kwa miaka kadhaa ilitoka kwa vyombo vya usalama, na Jedwali la Nne la Katiba limeuweka usalama mikononi mwa serikali ya kitaifa. Hakuna askari wa nchi kavu wala wa baharini anayepokea amri kutoka bunge la kaunti, analoketi mwakilishi wenu. Mwakilishi wenu angeweza kupiga kelele, na kelele si kitu kidogo, lakini ufunguo wa kufuli lile hakuwa nao.

Daktari ni habari nyingine. Huduma za afya, kuanzia zahanati hadi hospitali ya kaunti, zimegatuliwa, yaani zimekabidhiwa serikali za kaunti, kwa hiyo hapa mwakilishi wenu ana mkono, ingawa si mrefu kama alivyowaonyesha jukwaani. Yeye haajiri, ajira ni kazi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Tena zahanati kwa kawaida huhudumiwa na muuguzi au tabibu, na madaktari huwekwa hospitalini, kwa hivyo ahadi ya daktari ilikuwa kubwa kuliko nyumba aliyoahidi kumtia. Lakini angeweza kudai muuguzi wa pili, dawa zisizokatika na boti ya kuchukua wagonjwa. Angeweza kumwita waziri wa afya wa kaunti mbele ya kamati na kumhoji. Na bajeti ilipoletwa mbele yake, kura yake ilikuwa na thamani sawa na ya mwenziwe yeyote. Kama aliyafanya hayo au hakuyafanya, jambo hilo halihitaji kubahatishwa, kwa kuwa vikao vya bunge la kaunti vina kumbukumbu rasmi.

Kwa hiyo mikono yake imefungwa kweli katika ahadi mbili, na katika ya tatu imefungwa nusu. Lawama yangu kwake si hilo la kufungwa. Lawama yangu kwake ni kwamba vifungo hivyo vilikuwapo siku aliyosimama mbele yenu na kipaza sauti, naye akawauzia samaki ambaye bado yu baharini.

Sasa tutazame vifungo vyenyewe, maana si vyote vilivyofungwa na mkono mmoja. Kimojawapo kimeandikwa waziwazi, na nimeona watu wakishangaa kukisikia: Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu chake cha 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura wake na ayafikishe maoni yao bungeni, kisha inamkataza asijiingize katika kazi za utendaji wa serikali ya kaunti wala katika utoaji wa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti. Yaani sheria haikusahau kumpa mwakilishi uwezo wa kuchimba kisima na kuleta muuguzi. Ilimnyima kwa makusudi. Mwenye kugawa unga hawezi kuwa yeye huyo huyo anayepima kibaba. Akishachimba kisima mwenyewe, kwa mkandarasi aliyemchagua mwenyewe, ni nani atakayesimama bungeni kuuliza kwa nini maji yake ni ya chumvi?

Gavana naye, ambaye kwa macho ya wengi ndiye mwenye kaunti, hawezi kutoa shilingi katika hazina ya kaunti bila ya idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi iliyowekwa na Kifungu cha 228. Na baada ya fedha kutumika huja Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Fedha zenyewe si nyingi. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 kaunti zote 47 ziligawana shilingi bilioni 370, na Lamu, iliyopata mgao mdogo kuliko wote, ilipata takribani bilioni 3.1. Hata angekuwa malaika, angelazimika kuchagua nani angoje.

Kuna kifungo kingine ambacho hakimo katika sheria yoyote, na hiki tumekifunga sisi. Asubuhi moja nilikaa barazani kwa mwakilishi mmoja, ambaye simtaji jina wala wadi, nikimngojea tuzungumze juu ya mswada uliokuwa ukijadiliwa siku hiyo. Watu walianza kufika baada ya sala ya alfajiri. Bi mmoja alikuwa ameishika karatasi ya dawa iliyokunjwa mara nne, ikachakaa kwa jasho la kiganja. Kijana mmoja alitaka fedha za kutengeneza mashine ya boti. Mzee alitaka nauli ya kumvusha mgonjwa hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, na kumfikisha Mombasa. Mwengine alileta kadi ya harusi, na kadi ya harusi, kama ujuavyo, haiji kuomba dua peke yake. Mwenyeji alitoa, akatoa, na ilipofika saa mbili mfuko ulikuwa mtupu, naye akageuka akaanza kupiga simu za kukopa. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari ya mswada, na mimi niliyekwenda kwa ajili ya mswada niliona haya kuutaja. Alifika bungeni amechelewa.

Sisemi kwamba bi yule alikosea kwenda, kwa sababu dawa hazikuwapo zahanatini na mgonjwa hangojei utaratibu. Nasema kwamba mshahara wa mwakilishi hauwezi kubeba baraza la namna hiyo kila siku kwa miaka mitano, na palipo na pengo hutokea mtu wa kulijaza, mara nyingi mkandarasi, ambaye naye hatoi sadaka. Tangu siku hiyo yule tuliyemtuma kumkagua mkandarasi ana deni kwake. Tukishamfanya kiongozi kuwa mfadhili, tunakuwa tumeununua ukimya wake kwa nauli ya boti.

Umeuliza pia mtu aliyechaguliwa na wengi hufungwaje mikono. Hapo niruhusu nilishike neno «wengi», maana hutumiwa kama muhuri. Rais wa Kenya hawezi kutangazwa mshindi mpaka apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Gavana hana sharti hilo, na mwakilishi wa wadi pia hana: humtosha kumpita kila mpinzani, hata kwa kura moja. Wakiwa wagombea sita, inawezekana kabisa aliyeshinda akawa amekataliwa na watu saba katika kila kumi waliopiga kura. Bado ni mshindi halali, lakini anaposema «wananchi walinituma» ni vizuri ajiulize wangapi.

Tuseme basi wengi ni wengi kweli, tisa kwa kumi. Twasema wengi wape, na mimi naikubali mithali hiyo katika kuchagua mtu na katika mambo mengi ya kawaida. Lakini kaunti yetu ina wadi 10, na mojawapo ni Basuba, ambako ndugu zetu Waboni wanaishi kando ya msitu, wachache mno kuliko watu wa mji au wa Mpeketoni. Kama kila shilingi ingegawanywa kwa kuhesabu vichwa, ingewezekana Basuba ikashindwa katika kila kura kwa miaka 100, kila mara kwa haki, kila mara kwa wengi. Kwa sababu hiyo Kifungu cha 56 kinalazimisha dola kuyalinda makundi madogo na yaliyoachwa nyuma, na Kifungu cha 204 kikaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maeneo kama hayo. Ajabu ni kwamba sisi tunaojiona wengi hapa Lamu ni wachache kabisa tukitazamwa kutoka Nairobi, na Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa katika awamu ya kwanza ya hazina hiyo. Kinga tunayoona uzito kumpa Mboni ndiyo tunayoiomba wenyewe tukivuka Mokowe.

Kiongozi, kwa hiyo, hana kazi ya kuhesabu vichwa tu. Jirani zetu wa Tanzania waliliona jambo hili kwa namna ambayo hunirudia mara kwa mara ninapofundisha. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Watu wanane kwa kumi, au karibu na hapo, walijibu kwamba wanataka kubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, serikali ikakubali, na Julai 1992 mfumo ukabadilika. Je, hapo viongozi waliwasaliti wengi? Wako wanaosema ndiyo. Mimi naona walifanya jambo gumu lililo halali, kwa sababu haki ya wachache kujiunga na chama wakipendacho haikuwa mali ya wengi ya kutoa au kunyima, na kwa sababu waliobaki na chama chao hawakunyang'anywa chochote: mwaka 1995 walikipigia kura kikashinda. Ila tazama masharti yake. Ripoti ilisema wazi idadi ya waliokataa, sababu zikaelezwa hadharani, na baadaye wananchi wakapewa nafasi ya kuhukumu kwa kura. Kiongozi anayekwenda kinyume na wengi kimyakimya, kisha akawaambia amefanya walichotaka, hana kinga katika mfano huu.

Nimefika kwenye kiongozi mwenye nguvu, na hapa sitaficha maoni yangu. Naikumbuka Kenya ya 1988, chini ya Rais Moi. Kura za uteuzi zilipigwa kwa mlolongo: chama kilikuwa kimoja kwa sheria tangu 1982, na wapiga kura walipanga mstari mchana kweupe nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa kama magunia bandarini. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, hakuna haja ya kura ya siri. Uwanja niliosimama mimi ulikuwa wa shule, jua limeshapanda, na mstari wetu ulizunguka mwembe ukafika hadi kwenye ua. Ule mwingine haukufika hata kwenye mlango wa darasa la pili. Msimamizi akahesabu, akafuta jasho, akatangaza kwamba mstari mfupi ndio mrefu. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kisha kila mtu akaenda zake, kwa kuwa aliyekuwa mbele yako na aliyekuwa nyuma yako wote walikuwa wamekuona umesimama wapi. Mwaka huohuo Bunge likabadilisha katiba na kuwaondolea majaji kinga ya kutofukuzwa ovyo, kinga iliyorudishwa miaka miwili baadaye. Huyo ndiye kiongozi asiyefungwa na mtu. Sikumbuki kwamba katika siku zake hati za mashamba ya Lamu zilikuja haraka zaidi.

Weka kumbukumbu hiyo kando ya jambo ulilolishuhudia mwenyewe. Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia walikuja hapa kuzindua ujenzi wa bandari ya Lamu, mradi mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuuona. Kama palipata kuwa na mkono wenye nguvu katika kaunti hii, ni ule. Wavuvi na watetezi wao wakaenda mahakamani, wakisema kwamba bahari inachimbwa, mikoko inakatwa, njia za samaki zinafungwa na hakuna aliyewauliza. Mwishoni mwa Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwamo haki ya kupewa habari na kushirikishwa, ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Rufaa na mazungumzo ya malipo yaliyofuata ni hadithi ndefu ya peke yake, na bandari haikusimama: gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Lakini jambo la kwamba mvuvi wa ngalawa alimshtaki mwenye meli, na jaji akamsikiliza bila ya kuogopa kufukuzwa kesho yake, halikuwezekana 1988. Tarehe 26 Juni 2019 likafuata la pili, pale jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira lilipoifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa Kwasasi, kwa kuwa wakaazi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ilikitaka kiwanda hicho. Mikono yake ikafungwa, na iliyofunga ilikuwa ya watu wa Lamu.

Ukiomba kiongozi asiyefungwa, basi, kumbuka kwamba si wewe utakayechagua nguvu zake zimwangukie nani. Mkono huo unaotamani uvunje kufuli la uvuvi wa usiku ndio uleule ambao ungekuchimbia bahari bila ya kukuambia.

Mithali ya manahodha naipenda, na nadhani tumeizoea vibaya. Inakataza watu wawili kushika msukani mmoja. Haisemi kwamba nahodha ndiye mwenye chombo. Nahodha wa jahazi akiwa kilindini husikilizwa na kila baharia, na tufani ikichacha anaweza kuamuru shehena itoswe bila ya kumngoja mtu ampe ruhusa. Akifika, huulizwa: shehena ya nani iliyotoswa, ulitosa kiasi gani, na upepo ulikuwaje? Hakuna nahodha mwenye heshima aliyeliona swali hilo kuwa tusi. Katiba yetu imesema karibu jambo hilohilo katika Kifungu cha 73, kwamba mamlaka ya kiongozi ni dhamana ya umma na kwamba yanampa jukumu la kuwatumikia watu, si nguvu za kuwatawala. Watu wa pwani tuna neno la zamani zaidi, amana, na kila mtoto wa madrasa anajua kwamba mwenye kuwekewa amana haitumii kama mali yake, wala haombi sifa kwa kuirudisha. Wapiga kura wa Lamu wameitumia haki ya kuidai: 2017 na 2022 hakuna gavana aliyeketi akabaki kitini, na aliyeondolewa 2017 ndiye aliyerudishwa 2022.

Je, kiongozi wa namna hii, aliyezungukwa na sheria, bajeti, majaji na wachache wasioguswa, amebakiwa na nini? Amebakiwa na ulimi, na huo ndio nguvu yake kubwa. Anaweza kuwashawishi wenziwe tisa wa kuchaguliwa na wale wa kuteuliwa; anaweza kumpatanisha mfugaji na mkulima kabla ya polisi kuitwa; anaweza kwenda kwa mbunge na seneta, ambao wao ndio wanaoweza kumhoji waziri wa ardhi na wa usalama, akawakera mpaka waulize; na anaweza kuja kwenu akasema, «Hili silo langu, ni la ofisi ile, twendeni pamoja.» Mwakilishi anayesema maneno hayo kabla ya uchaguzi hupoteza kura, nalijua hilo. Ndiyo maana sehemu ya jibu lako iko kwetu sisi tunaompigia makofi mwenye kuahidi mbingu.

Kuhusu la kufanya, zahanati ndiyo mlango wenu, kwani hapo hana pa kukimbilia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, katika bunge la kaunti. Andikeni yenu kwa Kiswahili, muitie sahihi, mtaje idadi ya siku ambazo mlango ulifungwa na majina ya dawa zilizokosekana. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa dola, kwa hiyo ombeni orodha ya wauguzi na mahali walipopangwa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai, na kati ya tarehe hizo wananchi hutakiwa kusikilizwa. Kikao cha mwisho nilichohudhuria kiliitwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, wavuvi wote wakiwa baharini, na kitabu cha bajeti kilikuwa kinene, cha Kiingereza, nakala mbili kwa ukumbi mzima. Yapingeni hayo kwa barua kabla ya siku kufika. Kisha nendeni mapema, mkae karibu na kitabu, na mumwombe mwakilishi wenu, kwa adabu na mbele ya watu, awafungulie ukurasa wenye jina la zahanati yenu.